Injini ya pampu: Honda GX160, kopi ya Mchina au ya kuchanganya oili?

Masika yakishakata, mwezi wa tano hivi, simu zinaanza. "Dada, niko dukani, kuna Honda na kuna ya Mchina, nichukue ipi?" Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, maji nayavuta mtoni, na kwa miaka tisa zimepita mikononi mwangu injini za petroli za aina tatu: Honda GX160 orijino, kopi yake inayoandikwa 168F, na kale kadogo ka kuchanganya oili na petroli. Moja kati ya hizo niliiua mwenyewe, na nitaeleza ilivyokufa. Kwenye simu huwa nashindwa kujibu, maana anayepiga anataka kujua bei na HP, yaani nguvu ya injini, na mimi nataka kwanza anijibu maswali ambayo hayapo kwenye boksi.

Jiulize haya kabla ya bei

La kwanza ni saa. Injini hizi hazina kilomita, umri wake unahesabiwa kwa saa za kuunguruma. Mimi namwagilia mara mbili kwa wiki, saa tano kila mara, wiki kumi na sita au kumi na saba. Hizo ni saa 160 mpaka 170 kwa msimu, na nikilima misimu miwili nimevuka 300. Jirani yangu ana tuta la mchicha nyuma ya nyumba, anawasha nusu saa mara mbili kwa wiki. Mwaka mzima hafikishi 60. Yeye na mimi tukinunua mashine moja, mmoja wetu amekosea.

La pili, nani ataishika? Mwenye mali mwenyewe, au kijana wa shamba anayebadilika kila msimu? La tatu, spea iko umbali gani, na fundi wa karibu amezoea ipi? La nne ni mafuta: petroli unaipata kituoni au kwenye chupa kando ya barabara? La mwisho ni mahali penyewe: mwinuko kutoka usawa wa bahari, ukingo unaoteleza, na kama mashine itabebwa kila jioni kurudi nyumbani.

Kwanza tuziweke bega kwa bega:

| | Honda GX160 | Kopi, 168F-1 | Ya kuchanganya oili, 1E40F |
|---|---|---|---|
| Ujazo | cc 163 | cc 196 | cc 42.7 |
| Kipenyo cha silinda × mwendo wa pistoni | mm 68 × 45 | mm 68 × 54 | mm 40 × 34 |
| Nguvu | kW 3.6 (HP 4.8), mizunguko 3,600 kwa dakika | huandikwa HP 6.5 | karibu kW 1.25 (HP 1.7), mizunguko 6,500 |
| Oili | lita 0.58 ndani ya injini | karibu lita 0.6 | ndani ya petroli |
| Uzito bila mafuta wala pampu | kg 15.1 | kama kg 16 | unainua kwa mkono mmoja |

Namba za Mchina zinasomeka ukishajua siri yake. Kwenye 168F, 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa. Ile "-1" inakuambia mwendo wa pistoni umeongezwa. Kwenye 1E40F, E ni mipigo miwili, ndiyo hiyo injini ya kuchanganya oili, na 40 ni kipenyo. Ukikutana na 170F au 188F dukani, unajua tayari silinda ina upana gani kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Nguvu: ya kwenye stika na ya kwenye mpira

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, na anayewaibia ni stika. Injini ileile ya GX160 zamani iliandikwa HP 5.5, siku hizi Honda wanaandika 4.8. Haijapungua kitu, kilichobadilika ni namna ya kupima. Kopi nyingi bado zinaandika kwa mtindo wa zamani, au kwa ukarimu zaidi. Halafu kopi ya 168F-1 ina cc 196, kwa hiyo mwenzake wa kweli ni Honda GX200, ambayo nayo ni cc 196, silinda ya 68 kwa 54, na Honda wenyewe wanaipa HP 5.5. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya 4.8 na 6.5 akadhani tofauti ni kubwa hivyo, ajue sehemu ya tofauti ni cc kweli, na sehemu ni kalamu. Ukitaka kulinganisha bila kudanganywa, tazama cc.

Hata hivyo, nisiionee kopi. Ile ya cc 196 kweli inasukuma kuliko GX160, na kwenye mpira wa maji ulio mrefu unaliona hilo. Kadogo ka mipigo miwili kana nguvu ya kushangaza kwa udogo wake kwa sababu kanazunguka karibu mara mbili ya wenzake, ila kelele yake utaisikia mpaka usingizini. Kwa robo heka kanatosha. Ukikabebesha heka mbili kitakuwa kinashinda kimewaka, na hakikuumbwa kwa hilo.

Mwinuko nao unakula nguvu. Kwa hesabu ya Honda, kila mita 300 za kupanda injini hupoteza kama asilimia 3.5. Huku bondeni kwetu halitusumbui. Ila mjomba wangu analima viazi Njombe, karibu mita 2,000, na kule anapoteza zaidi ya asilimia 20 kabla hajavuta tone la maji. Juu ya mita 1,500 mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mzito, plagi inatoka nyeusi, mafuta yanaisha haraka. Dawa yake ni kubadilisha jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli. Ya Honda unaiagiza kwa namba. Kwa kopi fundi atahangaika kidogo, ingawa jeti za Honda mara nyingi zinaingia. Kabureta za mipigo miwili nyingi zina skrubu ya kurekebishia, kwa hiyo hapo kadogo kanashinda kwa urahisi.

Na usimlaumu injini kwa kosa la pampu. Pampu ya Honda ya inchi 2, WB20, inafungwa injini ndogo zaidi ya GX120 lakini inapandisha maji mpaka mita 32. Ya inchi 3, WB30, ina GX160, inatoa lita 1,100 kwa dakika, ila inapandisha mita 23 tu. Mwenye shamba mlimani akinunua inchi 3 kwa sababu ni kubwa, anajikomoa. Na kisima ambacho maji yake yako kina kinachozidi mita 8 hakivutiki kwa pampu ya juu, hata ungeifungia injini ya lori.

Oili, ambayo ndiyo inayoua

Niliyoiua ilikuwa kopi. Nilikuwa nimeitegesha ukingoni mwa mto, imeinama kuelekea majini kwa sababu sikutaka kuchimba mahali pa kuikalisha sawa. Ikawa inawaka dakika kumi, inazima. Ukiivuta inakataa, ukiipumzisha inakubali. Nikamwita fundi aliyekuwa karibu. Akaizunguka, akashika waya mwembamba unaotoka kwenye bloku. "Dada, sensa ya oili mbovu hii. Tuikate tu, mashine nyingi nakata." Akakata. Mashine ikaunguruma siku mbili bila kuzima, nikamsifu. Siku ya tatu ikapiga *tak!* moja na kunyamaza, na kamba haikuvutika tena.

Tulipoifungua, konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikuwa imevunjika vipande viwili, na alumini yake imeganda kwenye kranki kama ugali ulioungua sufuriani. Oili iliyobaki haikujaa kikombe cha kahawa. Sensa, ambayo kazi yake ni kuzima injini oili ikipungua, haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli kila baada ya dakika kumi, nasi tukaikata ulimi.

Ili uelewe kwa nini, jua kwamba GX160 na kopi zake hazina pampu ya oili wala filta ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili kila mzunguko na kuirusha kwenye silinda, kranki na gia. Oili ikipungua, au injini ikiinama kupita nyuzi 20, kijiko kinachota hewa. Ndiyo maana lita 0.58 ni kitu cha kuheshimu: hata robo lita ikipungua, umebaki na nusu ya uhai wa mashine.

Kuipima nako kuna namna yake. Injini iwe imezimwa, imekaa sawa. Fungua dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute, ichomeke *bila kuikaza*, itoe uangalie. Wengi wanaizungusha mpaka mwisho ndipo wanasoma, kijiti kinazama zaidi, wanaona oili imejaa kumbe imepungua. Ikijaa sawasawa, oili inafika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Mimi nimewaambia vijana: ukifungua kifuniko na huoni oili kwenye uzi wa tundu, usiguse kamba.

Honda wanasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 au mwezi mmoja, kisha kila saa 100 au miezi sita. Kwa hesabu yangu ya saa 10 kwa wiki, hiyo ni kila wiki kumi. SAE 10W-30 ndiyo wanayoitaja, na kwa joto la kwetu SAE 30 pia inakubalika. Chupa ya lita moja karibu inatosha mara mbili. Imwage ikiwa ya vuguvugu, kwenye galoni lililokatwa, usiimwage kwenye mfereji unaokwenda shambani.

Kopi ya pili niliyonunua nilifanya nilivyofundishwa na maumivu: nilimwaga oili ya kwanza baada ya saa tano tu. Nikaiinamishia juani, ilikuwa inang'aa kama rangi ya gari jipya. Ule mng'ao ni chuma kilichosagika wakati vyuma vinazoeana. Hakuna filta ya kuukamata, kwa hiyo usipoumwaga unarudi kusaga. Tangu hapo kopi zangu namwaga saa 5, saa 20, kisha kila saa 50. Hiyo ni kanuni yangu, hutaikuta kwenye kitabu chao. Oili ya Honda niliyoimwaga saa 20 nayo iling'aa, ila kidogo.

Kadogo ka mipigo miwili hakana bakuli la oili, kwa hiyo unaweza kukainamisha upendavyo na hakuna sensa ya kugombana nayo. Oili inaingia na petroli. Kama kifuniko kinasema 50:1, ni mililita 20 za oili ya 2T (oili ya injini za mipigo miwili) kwa kila lita, yaani 100 kwenye galoni la lita 5. Kikisema 25:1, ni mara mbili ya hapo. Changanya kwenye galoni, tikisa, ndipo ujaze tenki. Hatari yake ni moja na ni kubwa: siku kijana atakapoishiwa akanunua petroli tupu kwa bodaboda na kumimina, pistoni haina ulinzi wowote. Kwenye Honda kosa la oili linakupa siku, huku linakupa dakika. Na anayezidisha oili kwa huruma naye anapata moshi, plagi inayolowa na masizi kwenye tundu la egzosi.

Matunzo mengine

Filta ya hewa inafuata oili kwa umuhimu, hasa kiangazi vumbi likiwa la kupanda kichwani. Kwenye GX160 kuna sponji nje na karatasi ndani. Sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ichovye kwenye oili safi, ikamue. Karatasi haioshwi; igonge polepole, ikiwa nyeusi nunua nyingine. Kitabu kinasema kila saa 50, mapema zaidi penye vumbi. Kando ya njia ya ng'ombe mimi naitazama kila wiki. Kopi zinatumia filta ileile. Kadogo kana kipande cha sponji tu, na watu wanakasahau.

Plagi ya GX160 ni BPR6ES, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Kopi huja na F7TC au ndugu zake, na zinabadilishana. Isafishe kila saa 100, ibadilishe kwa 300. Plagi ni nafuu kuliko nauli ya kumfuata fundi.

Vali ndizo wasizogusa watu wengi. Injini ikiwa ya baridi, vali ya kuingiza iwe na nafasi ya milimita 0.15, ya kutolea 0.20. Honda wanasema uzikague kila mwaka au kila saa 300. Kwenye kopi zikague baada ya saa 20 za mwanzo, maana zinatoka kiwandani zimekazwa kwa kubahatisha. Yangu ya pili ilikuwa na vali ya kutolea isiyo na nafasi hata ya karatasi, na ndiyo sababu ilikuwa ngumu kuwaka ikishapata moto. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, inatosha na kazi ni ya nusu saa. Mafundi wengine hupima kwa kadi ya vocha. Kadi ya vocha iache kwenye koili inayotoa cheche ya plagi, ambako mwanya unaokubalika ni milimita 0.2 hadi 0.6; kwenye vali inakudanganya. Injini ya mipigo miwili haina vali, unachofanya ni kufungua egzosi na kukwangua masizi.

Gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, usiiguse kwenye yoyote. Kuna wanaofunga springi yake kwa waya ili pampu "ichangamke". GX160 isiyo na mzigo haitakiwi kupita kama mizunguko 4,000, na konrodi inaijua hesabu hiyo hata kama wewe huijui. Kama injini inazungusha jenereta ni mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa umeme wetu wa 50 Hz. Nje ya hapo unaunguza taa.

Mafuta

GX160 ikibeba mzigo kamili inakunywa lita 1.4 kwa saa. GX200, mwenzake wa kopi ya cc 196, lita 1.7. Kwa saa zangu 165 ni kama lita 231 dhidi ya 280, ingawa pampu mara nyingi haibani injini hivyo na wote wawili wanakunywa pungufu. Kadogo kana tenki dogo, kwa hiyo kanaonekana hakanywi. Lakini ukigawanya kwa ndoo za maji kananywa zaidi, kwa sababu sehemu ya petroli mbichi inatokea egzosi kabla ya kuungua. Ongeza bei ya 2T: petroli lita 100 zinataka oili lita 2 kwa 50:1.

Kuhusu ubora, vituoni hali ni nafuu tangu EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, waanze kuweka vinasaba, alama ya siri ya kukamata wachakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010. Shida ni petroli ya chupa: maji, mchanga, na wakati mwingine mafuta ya taa. Honda na kopi zina kikombe kidogo chini ya kabureta cha kunasa uchafu, kifungue kila saa 100. Hapa kabureta ya Honda haina maajabu yoyote. Ikipewa maji, inazima kama nyingine.

Msimu ukiisha, usiache petroli ndani. Funga koki, acha injini iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ikauke. Toa plagi, mimina kijiko cha oili, vuta kamba mara mbili tatu, rudisha plagi, kisha vuta taratibu mpaka usikie ugumu uache hapohapo. Ugumu huo maana yake vali zimefunga na unyevu hauingii. Nimewahi kuacha mashine kuanzia Novemba hadi Mei bila kufanya hivi, nikakuta jeti imezibwa na utandu wa kijani. Kadogo kanaumia zaidi, maana petroli ikikauka inaacha oili imenata kwenye kabureta.

Spea na fundi

Kopi imeshinda hapa bila ubishi. Kariakoo, Iringa mjini, hata duka la pembejeo la kijijini, utapata kabureta, koili, kamba na gasketi za 168F. Na kwa kuwa vipimo vimeigwa kwa GX, vingi vinaingia kwenye Honda pia. Kabureta na koili huwa hazigombi. Pistoni na konrodi zipime kwanza. Ya kopi ikifa kabisa, bei ya Honda moja kwa kawaida ilishanunua kopi mbili na chenji ikabaki.

Ila kopi ni jina la ukoo mzima, si la mtu mmoja. Lifan, Loncin na Zongshen, wote wa Chongqing, wanatengeneza vitu vinavyoaminika. Loncin wamewahi kuwatengenezea BMW injini za pikipiki. Mwingine anatoa boksi lisilo na jina wala namba. Kati ya hizo mbili tofauti ni kubwa kuliko kati ya Loncin na Honda.

Honda nayo ina mtego wake: stika. Niliwahi kuuziwa "Honda orijino kabisa, mama" ambayo stika ilibanduka kwa jasho la kiganja. Orijino ina jina kwenye chuma chenyewe na namba iliyogongwa kwenye bloku, inayosomeka. Ikiandikwa Thailand usishtuke, GX nyingi zinatoka huko. Spea orijino zipo kwa mawakala mijini, na utasubiri.

Kadogo kanatumia spea za mashine za kukatia nyasi, kwa hiyo zipo nyingi na bei yake ni ya kucheka. Fundi wa bodaboda za zamani au wa misumeno ya mbao anakajua.

Kulingana na hali yako

Unavuka saa 300 kwa mwaka, au maji yakikosekana siku tatu mazao yanakufa: GX160 inajilipa, mradi ununue kwa wakala na uandike saa kwenye daftari. Ukihitaji msukumo zaidi, panda GX200.

Una saa 100 hadi 200, fundi yuko jirani, na wewe mwenyewe ndiye unayemwaga oili: kopi yenye jina la kiwanda, na bei iliyobaki nunua mpira mzuri. Hili ndilo kundi langu la sasa. Nina kopi mbili, moja mtoni na moja akiba.

Mashine inashikwa na vijana wanaobadilika: chochote chenye sensa ya oili inayofanya kazi. Ijaribu dukani kabla ya kulipa, wakiwa bado hawajaweka oili: washa swichi, vuta kamba. Ikikataa kuwaka bila oili, kisha ikawaka ikishawekewa oili, sensa ni nzima. Ikiwaka bila oili, izime palepale uende duka lingine. Kwa kundi hili usinunue ya kuchanganya.

Bustani ndogo, saa 50 kwa mwaka, unabeba mashine begani na kurudi nayo, au ukingo ni mteremko usio na pa kuikalisha: kadogo ka mipigo miwili, na galoni lake lenye rangi tofauti, lisiguswe kwa kitu kingine.

Unaishi juu, Njombe, Mbeya au milimani Lushoto: chagua cc kubwa kuliko unavyodhani, na ulizia jeti siku hiyohiyo ya kununua.

Mko kikundi cha watu watano na mashine moja: mchague mmoja wa kushika dipstiki kabla ya kuchagua injini.

Na kama ya zamani ipo stoo haiwaki, usikimbilie dukani. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole, mwenzako avute kamba. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, pistoni na ringi bado zipo. Hapo tatizo ni kabureta, plagi au petroli ya mwaka jana, na hivyo vyote vitatu vinapatikana Jumamosi asubuhi gulioni.